A572 au A588: chuma cha kupakwa rangi au cha kuachiwa kutu?

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni njia ya Usa River alinifuata karakana, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, simu ikiwa mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha picha: daraja la waenda kwa miguu, limeota kutu kuanzia boriti hadi vishikio, rangi yake kama udongo wa Karatu ukishanyeshewa. "Baba, nataka kama hili. Na geti liwe hivyohivyo, na kibao cha jina." Nikamwambia, mama, mimi hapa watu wananilipa niwaondolee hicho unachotaka kunilipa nikuwekee. Akacheka, ila msimamo wake haukutikisika.

Tatizo ni kwamba kwenye mkoba alikuwa na mchoro wa injinia wa kivuko cha juu ya kijito kinachopita katikati ya kiwanja chake, na mchoro ulisema A572 gredi 50. Chuma cha kwenye picha ni cha jamii ya A588, kile kinachoachwa na kutu yake bila rangi. Majina yote mawili ni ya viwango vya chuma vya Marekani. Tulikaa karibu saa nzima tukivipambanisha hivi viwili. Naandika tuliyozungumza kwa ajili ya mwingine anayejenga Arusha au Moshi akakutana na majina haya kwenye karatasi. Nitasema "gredi" kila mara, maana nikisema daraja la chuma hutajua nazungumzia kipi.

Kwenye nguvu hakuna mshindi

Wateja wengi huanza na swali la kipi kina nguvu zaidi. Vyote viwili ni vyuma vya nguvu kubwa vyenye aloi kidogo, yaani madini mengine yaliyochanganywa, na vyote viwili huanza kunyooka bila kurudi vinapovutwa kwa megapaskali 345 (kipimo cha nguvu kwa kila eneo la chuma). Hiyo 50 kwenye gredi 50 ni hesabu ya Wamarekani, paundi 50,000 kwa kila inchi ya mraba, namba ileile kwa kipimo kingine. Tofauti inaonekana mwishoni kabisa, kwenye kukatika: A572 gredi 50 inatakiwa ivumilie angalau megapaskali 450, A588 angalau 485. Kwa geti, paa, tela au kivuko, injinia anapiga hesabu zake kwenye ile 345, kwa hiyo hiyo ziada ya mwishoni haikupunguzii kilo hata moja ya chuma.

Ukivilinganisha na chuma cha kawaida tunachokiuza kila siku, A36 chenye megapaskali 250, hapo ndipo unaona faida. Pale ambapo nguvu ndiyo inayoamua, unaweza kupunguza chuma kwa zaidi ya robo. Pleti ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 10 ina uzito wa kilo 234 hivi. Tela la miwa kule mashambani kusini mwa Moshi likipungua pleti mbili tatu, mzigo wa miwa unaongezeka kwa uzito huohuo kila safari.

Ila kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea. Nguvu na ukakamavu ni vitu viwili. Chuma cha kawaida, A572 na A588, vikiwa na umbo moja na mzigo mmoja, vinapinda sawasawa, kwa sababu ukakamavu wa chuma ni gigapaskali 200 hivi bila kujali gredi. Kivuko cha mama kina mita 12. Kwa urefu huo, mara nyingi kinachoamua ukubwa wa boriti ni kudunda kwake watu wanapopita, kukatika kunakuja baadaye sana. Mtu akikuuzia gredi ya juu akikuahidi daraja halitacheza, mwombe akuonyeshe hesabu.

Kilichomo ndani

A572 ni chuma cha kaboni na manganizi kilichotiwa chembe ndogo mno za naiobiamu au vanadiamu, au vyote viwili. Ni kidogo kweli: naiobiamu huanzia asilimia 0.005, haifiki hata asilimia 0.1. Chembe hizo hufanya punje za chuma ziwe ndogo, na nguvu inatoka hapo. Kwenye suala la kutu, A572 ni chuma kama chuma kingine. Ukikiacha nje bila rangi kitaliwa.

A588 kimetiwa vitu vya aina nyingine. Gredi A yake ina shaba asilimia 0.25 hadi 0.40, kromiamu 0.40 hadi 0.65, silikoni 0.30 hadi 0.65, nikeli isiyozidi 0.40 na vanadiamu kidogo. Mchanganyiko huo haukizuii chuma kupata kutu. Unabadilisha namna kutu yenyewe inavyokaa. Kutu ya kawaida ina vitundu, inanyonya maji, inavimba na kubanduka, kisha chini yake inaanza nyingine. Kutu ya A588 hubana. Baada ya miaka miwili mitatu ya kuloa na kukauka inakuwa ngozi nyeusi-kahawia iliyogandamana na chuma, na kasi ya kuliwa inashuka sana.

Wazo hilo si geni. Kampuni ya U.S. Steel ilianza kuuza chuma cha aina hii mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, kwa ajili ya mabehewa ya makaa ya mawe, ambayo hugongwa na kukwaruzwa hadi rangi haidumu. Wasanifu majengo walikuja kukipenda baadaye: ofisi kuu za John Deere kule Moline, Illinois, zilizokamilika 1964, zilijengwa nacho bila kupakwa rangi. Kiwango cha A588 kilikuja 1968, miaka miwili baada ya A572. Daraja la New River Gorge huko West Virginia, lenye upinde wa mita 518, limesimama na kutu yake tangu 1977.

Ukitajiwa hilo, muulize anayekutajia habari za ukumbi wa Omni wa Atlanta. Ulifunguliwa 1972, chuma chake kikiwa cha aina hii, kwenye mji wenye unyevu mwingi. Kutu haikujua pa kuishia, ukaota matundu, na 1997 ukabomolewa.

Je, hewa yetu inakifaa?

Kwa maoni yangu swali lote liko hapa. A588 inahitaji mambo mawili yafuatane: iloe, kisha ikauke. Kitakachobaki kimeloa hakitengenezi ile ngozi. Kinaoza kama chuma cha kawaida, na umekilipia bei ya juu.

Kwa ujumla huku kwetu kunafaa. Bahari iko zaidi ya kilomita 250, kwa hiyo chumvi ya hewani hatuna. Masika ya Machi hadi Mei yanaloesha vizuri, vuli inarudia, na katikati kuna jua na upepo wa kutosha kukausha. Lakini usiseme "Arusha" ukadhani ni hewa moja. Kiwanja cha Kisongo, penye upepo na jua, ni tofauti kabisa na kiwanja kilichojificha chini ya miti Tengeru, au kwenye migomba ya Machame ambako ukungu wa asubuhi unakaa hadi saa nne. Na ukienda upande wa Natron au Manyara, vumbi la magadi lina chumvi. Chumvi inavunja ile ngozi hata bila bahari. Zizi la ng'ombe na banda la mbolea viweke kwenye kundi hilohilo.

Nina kipande cha A588 cha milimita 6 kilichobaki kwenye kazi moja, nikakifunga nje ya karakana kwa makusudi, nusu iko juani, nusu iko chini ya mfereji wa bati unaovuja. Kimepita masika mbili. Upande wa jua una rangi ya kahawa iliyokaangwa. Ukipitisha kiganja unatoka na vumbi jepesi tu. Upande wa mfereji unabanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, na ukigonga kwa nyundo ya kutolea magamba vinadondoka vipande vya ukubwa wa ukucha. Pleti ni moja, imetoka kiwanda kimoja, na katikati yake hakuna hata sentimita 40.

Ndiyo maana namna unavyounda ina uzito kuliko jina la gredi. Chaneli ikilazwa mdomo juu inageuka hori. Oktoba mijakaranda ikidondosha maua, yanajaa humo, yanaoza, yanashika maji wiki nzima baada ya mvua kukata. Ilaze mdomo chini, au toboa matundu ya kutolea maji. Nguzo isizikwe ardhini, iishie juu ya zege na udongo uwe mbali nayo. Bomba za mraba ziba kabisa zisiingize hewa, au acha zipumue vizuri, maana nusu kwa nusu ndiyo mbaya zaidi. Na zile bomba nyembamba za milimita moja na nusu usizifikirie. Chuma hiki kinatoa sehemu ya mwili wake kujenga ngozi, na chenye mwili mwembamba hakina cha kutoa.

A572 haina madai yote hayo. Isafishe, ipake, irudie rangi inapochoka. Ugumu wake uko kwenye neno "isafishe". Kupiga mchanga, yaani kuurusha kwenye chuma kwa hewa yenye kasi, kunaleta matokeo bora, lakini kazi nyingi hapa mjini zinaishia kwenye brashi ya waya na grenda, halafu rangi nyekundu ya msingi mkono mmoja juu ya magamba ya kiwandani, lile ganda ambalo chuma kinatoka nalo kiwandani. Magamba yakiachia, rangi nayo inaondoka. Mteja atalaumu chuma.

A588 nayo haikwepi kusafishwa. Magamba yasipotolewa, kutu itakuja kwa mabaka: huku kahawia, huku buluu-kijivu, mwaka mzima. Kwa geti la nyumba ya wageni hiyo ni aibu.

Kuchomelea

Hapa A588 inataka mkono makini zaidi. Kipimo tunachotumia ni kaboni linganifu: unachukua kaboni, unaongeza manganizi gawa kwa 6, kromiamu, molibdenamu na vanadiamu gawa kwa 5, nikeli na shaba gawa kwa 15. Ukiweka viwango vya juu kabisa vinavyoruhusiwa, A572 gredi 50 inafika 0.46 hadi 0.49, A588 gredi A inafika karibu 0.60. Chuma halisi kwa kawaida huwa chini ya hapo, lakini picha unaiona: kadiri namba inavyopanda, ndivyo chuma kinavyokuwa tayari kupasuka pembeni ya mshono kikipoa haraka.

Kanuni ya Wamarekani ya kuchomelea inavipanga vyote viwili kundi moja na kutaka vijiti vya kuchomelea vyenye hidrojeni kidogo, maana hidrojeni huchochea mpasuko huo. Maana yake 7018, wala si 6013. Najua 6013 inawaka hata kwa fundi aliyesinzia, na ndiyo iliyojaa kwenye kila duka. Kwa grili za dirisha sina neno. Kwa boriti ya megapaskali 345, hapana. Na 7018 ina masharti yake: ikishatoka kwenye pakiti iwe kwenye oveni ya nyuzi 120 au zaidi, na ikikaa wazi isizidi muda wa masaa manne. Masika, pakiti iliyoachwa wazi juu ya meza usiku kucha imeshakunywa maji, na maji hayo ndiyo hidrojeni unayoikimbia. Ukiwa na vijiti vizuri, pleti zisizozidi milimita 20 hazihitaji kupashwa moto kwanza kwa hali ya hewa ya Arusha, hata asubuhi ya Julai. Zikipita milimita 38, unazipasha angalau hadi nyuzi 65.

Kwa A588 kuna nyongeza. Mshono wa pembe wa mkupuo mmoja (kijiti kikipita mara moja tu) usiozidi milimita 6 unaweza kuupiga kwa 7018 ya kawaida, kwa sababu mshono huchota shaba na kromiamu kutoka kwenye chuma chenyewe. Ukirudia mikupuo, ile ya juu inayoonekana inatakiwa iwe ya kijiti chenye aloi hizo, mfano 8018-W2. Bila hivyo utapata mstari wa rangi tofauti na, baya zaidi, mshono unaoliwa kuliko vilivyo pembeni yake.

Bolti pia. Kibao cha kwanza cha A588 nilichowahi kufunga nilikifunga kwa bolti za zinki, kwa sababu ndizo zilizokuwepo na mwenye kazi alikuwa na haraka. Zinki ikajitoa mhanga kwa ajili ya pleti yote ile kubwa. Ndani ya mvua mbili bolti zilitoka unga mweupe, kisha zenyewe zikashika kutu mbaya kuliko kibao, nikarudi kuzitoa kwa gharama yangu. Zinatakiwa bolti za nguvu za aina ya 3, zilizotengenezwa kwa chuma cha jamii hiyohiyo.

Kuvipata

A572 au ndugu zake ni rahisi zaidi kuvipata. Mara nyingi karatasi haitasoma A572, itasoma S355JR ya Ulaya au Q355B ya China. Ni jamii moja ya nguvu, lakini sio pacha: S355, kwa mfano, ina megapaskali 355 hadi unene wa milimita 16, ikipita hapo inashuka hadi 345. Mwonyeshe injinia wako kabla ya kulipa. Ndugu wa A588 ni S355J2W na Q355NH, na hivi ni vya kuagiza, si vya kwenda asubuhi ukarudi navyo mchana. Agiza na vijiti vyake na bolti zake kwa wakati mmoja, usije ukakwama na pleti peke yake.

Na kwa vyote viwili dai cheti cha kiwanda, chenye namba ya chuma kilichoyeyushwa pamoja, inayofanana na ile iliyogongwa au kuandikwa kwenye pleti. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Sumaku inavishika vyote, cheche za grenda zinafanana. Bila cheti, unachonunua ni neno la muuzaji.

Tulivyoamua

Nilimwomba mama tukaone kijito chenyewe. Ni kizuri, kina kivuli cha mikuyu, maji hayakauki mwaka mzima. Nikapima kutoka usawa wa maji hadi pale boriti itakapokaa: mita moja na robo.

Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ilitoa mwongozo kuhusu chuma hiki mwaka 1989. Unasema uwe na tahadhari boriti ikiwa mita 2.4 au chini ya hapo juu ya maji yanayotembea, na mita 3 juu ya maji yaliyotuama. Chini ya hapo mvuke unapanda, chuma hakikauki. Sisi tulikuwa na nusu ya kimo hicho, na kivuli juu yake. Kivuko hicho kukifanya kwa A588 ni kurudia ule upande wa mfereji wa kipande changu, safari hii watu wakiwa juu yake. Kwa hiyo injinia alikuwa sahihi: A572 gredi 50, ipigwe mchanga, ipakwe msingi wenye zinki na rangi mbili juu. Kama anapenda kahawia, rangi ya kahawia ipo.

Geti na kibao ni habari nyingine. Viko mbele, barabarani, jua la asubuhi na la mchana, hakuna mti. Hapo A588 inakaa mahali pake, na mama atapata kutu yake bila kununua rangi tena. Pleti ya milimita 6 kwenda juu, iliyosafishwa magamba, isiyogusa udongo.

Aliporudi karakana kuchukua makadirio alisimama kwenye kile kipande changu cha nje. Akakwaruza upande wa jua kwa ukucha, akatazama kidole, akakwaruza upande wa mfereji, ganda likambaki mkononi. Halafu akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

"Baba, na ule ukuta wangu mweupe?"

Kibao alikitaka kipigwe moja kwa moja kwenye ukuta wa geti. Miezi ya mwanzo, na hata mwaka wa kwanza wote, A588 inachuruzisha maji ya kutu, na kwenye chokaa au jiwe doa lake halitoki kwa kusugua. Tukachora upya: kibao kisimame kwenye miguu yake, mbali na ukuta kwa mita moja, chini yake kuwe na kokoto nyeusi za kunywa yale maji. Akaniomba nimkatie vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, kimoja cha upande wa jua na kimoja cha upande wa mfereji. Nikavizungushia gazeti, akavitia mkobani ampelekee mzee nyumbani, ambaye alikuwa bado hajaambiwa kwamba geti jipya litakuja na kutu.